Mdogo wangu kajaza beseni la kujifungulia siku nyingi kabla ya uchungu. Wauguzi, wazazi na mafundi piteni hapa

Mwana wa Pangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu. Uzi ni mrefu, mwenye ugali jikoni akaugeuze kwanza.

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga hapa Uingereza, mwaka wa 11 huu. Kabla ya hapo nilikuwa wodi ya wazazi nyumbani, mkoani Tanga. Jumapili mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Arizona kule Marekani, kanipigia simu ya video. Mimba iko wiki ya 37. Akanizungushia simu sebuleni nione alichokodi: beseni la kujifungulia, kubwa kama kitanda cha tano kwa sita, lina pampu, lina hita, na maji yamejaa pomoni. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. "Dada, liko tayari tangu Ijumaa. Nyuzi 37 usiku na mchana, kama tumboni vile. Uchungu ukianza nazama tu."

Nikamwambia mwaga. Akacheka. Nikamwambia sitanii, mwaga leo. Hapo akanuna. "Maji ya bomba haya dada, si ndiyo tunayoyanywa?"

Hilo neno ndilo limenikalisha hapa niandike, maana nimelisikia Tanga, nimelisikia huku, nimelisikia hadi kwa wauguzi wenzangu. Ndiyo, wewe unayanywa. Yanashuka tumboni, yanakutana na tindikali, habari imeisha. Mtoto anayezaliwa ndani yake anaweza kuyavuta. Mapafu yake yana umri wa dakika moja na ndiyo kwanza yanajikamua maji ya tumboni mwa mama. Kinachoingia kule hakikutani na mlinzi yeyote wa maana.

Kuna bakteria anaitwa Lejionela. Julai 1976 maveterani wa jeshi la Marekani, wa chama chao cha American Legion, walikutana Philadelphia kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford. Waliporudi makwao wakaanza kuangushwa na nimonia. Watu 34 walikufa. Maabara zikapanda sampuli kwenye sahani za kawaida, hakuota kitu. Ikafika Januari 1977 ndipo Joseph McDade wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, akamnasa mdudu mwenyewe, akapewa jina la wale maveterani. Shikeni hapo kwenye sahani za kawaida, nitaparudia.

Huyu mdudu anaishi kwenye maji. Maji ya baridi sana hayamfai, na maji ya nyuzi 60 yanamuua. Anastawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyokaa, na raha yake hasa ni joto la mwili wa binadamu, 35 hadi 37. Mpe na mipira ya pampu ajibandike kwa ndani, atengeneze utando wake wa ute, basi umemjengea nyumba. Mdogo wangu, bila kujua, alikuwa ameatamia.

Na sisemi kwa kubahatisha. Arizona hiyohiyo anayoishi yeye, mwaka 2016 walipatikana vichanga wawili wenye ugonjwa huu, wote wamezaliwa majini nyumbani na mkunga. Mmoja wao, beseni lilikuwa limejazwa wiki mbili kabla, likatunzwa kwenye nyuzi 37 kama la mdogo wangu. Wote wawili walipona. Wa Texas mwaka 2014 hakupona. Alifikishwa hospitali akiwa na siku 6, baada ya kuzaliwa majini, na ndiye aliyewafanya wataalamu wa jimbo lile waanze kuuliza haya mabeseni yanasafishwaje na nani anakagua. Mwaka huohuo, Juni, huku Uingereza kichanga mmoja aliingia chumba cha wagonjwa mahututi baada ya kuzaliwa nyumbani kwenye beseni la hita na pampu, na serikali ikatoa tahadhari nchi nzima: mabeseni ya kujaza mapema yasitumike. Japani walishampoteza mtoto kabla ya hapo, kwenye bafu la nyumbani ambalo maji yake huzungushwa na kupashwa moto mfululizo.

Nataka nieleweke. Sipingi kujifungulia majini. Hapa ni jambo la kawaida kwa mama asiye na matatizo, na utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Cardiff uliotoka 2024 haukuona hatari zaidi kwa mama hao wala watoto wao. Marekani madaktari wa uzazi wana msimamo tofauti, wao tangu 2016 wanasema loweka kwenye uchungu ukitaka, ila mtoto azaliwe nchi kavu. Wabishane wao. Mimi ninachogombana nacho ni maji ya vuguvugu yaliyolala. Maji yafunguliwe siku ya uchungu, kwenye chombo kilichosafishwa na kukauka, yatumike, yamwagwe.

Nitaendelea na habari za Belfast, ngoja nimalize kupokea zamu.

Kinyozi wa Manzese

Nimekaa mbele kabisa. Mwana endelea.

Chalii wa Kijenge

Dada heshima yako, ila haya ni magonjwa ya wenye nazo. Sisi tumezaliwa kwa bibi, maji ya mfereji, beseni la bati, na tuko hapa tunabishana mtandaoni. Mzungu akikosa ugonjwa anautengeneza.

Mwana wa Pangani

Chalii, nusu ya maneno yako ni kweli na nakupa. Lejionela anapenda sana nyumba za wenye nazo: mabomba marefu, hita, mabwawa ya mapovu, viyoyozi vikubwa vya maji. Bibi yako alichemsha maji kwenye sufuria, akayapoza, akamwagia mtoto kwa kiganja, akamwaga yaliyobaki kwenye migomba. Hakuyaweka siku kumi, hakuyapulizia puani kwa mtoto. Bibi alikuwa sahihi kuliko hilo beseni la dola.

Ila hayo ya "tuko hapa" tuyaache. Waliopo hapa ndio tuliobaki, wasiobaki hawana akaunti. Takwimu zetu wenyewe za 2022 zinasema kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hawamalizi mwezi.

Mwana wa Pangani

Narudi. Nilipoanza kazi huku, wodi ya njiti, nilikuta mambo yaliyonishangaza. Kila asubuhi mtu anazunguka anafungua koki zote, anaacha maji yakimbie, anasaini karatasi. Njiti hafutwi kwa maji ya bomba, anafutwa kwa maji yaliyotakaswa ya kwenye chupa. Maziwa ya mama yaliyogandishwa huruhusiwi kuyayeyusha kwa kuyaweka chini ya maji ya koki. Hata kutundika taulo karibu na sinki ni kosa. Nikasema moyoni, hawa watu wana muda. Kwetu koki ikitoa maji tunashukuru Mungu, wao wanaiogopa.

Siku moja dada mmoja mkongwe, Mwairishi, akaniambia kaa nikueleze. Desemba 2011, hospitali ya Altnagelvin huko Ireland ya Kaskazini, kichanga mmoja akafa kwa bakteria anaitwa Sudomona. Januari 2012, Royal Jubilee ya Belfast, hospitali ya uzazi, wakafa watatu. Njiti wote. Wakatafuta, wakatafuta, wakafika kwenye koki. Zilikuwa koki za kisasa, nzuri kabisa. Mdomoni mwa koki huwa kuna kile kidude cha plastiki chenye vitundu, cha kunyoosha maji yasiruke. Walipozifungua maabara, ndani ya vile vidude mlikuwa na utando wa ute, na Sudomona amejaa humo.

Nilishika kile kidude baadaye, kwa udadisi tu. Kinatosha kwenye ncha ya kidole gumba. Kwa nje kinang'aa.

Klorini haifui dafu kirahisi mbele ya utando ule. Inaua wanaoelea, waliojibanza chini ya ute wanacheka. Na muuguzi anafanya nini? Ananawa mikono vizuri, sekunde zake zote, kwa maji yale, halafu anakwenda kumgusa mtoto wa gramu 800 mwenye mpira kooni. Yaani anapotii sheria ndipo anapombeba mdudu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mimi mpaka leo, na wala sikuwepo.

Sudomona si Lejionela, na njiti hawa wengi damu ndiyo huchafuka kwanza. Lakini mtoto mwenye mpira wa mashine ya kupumulia, mapafu yake ndiyo mlango. Na chanzo ni kilekile: maji ambayo hakuna aliyeyadhania.

Dokta wa Zamu

Asante sana sista. Naongeza la upande wetu. Kichanga akija na homa na anapumua mbiombio, mwongozo ni dawa mbili, ampisilini na jentamaisini. Ni mwongozo mzuri, unaokoa wengi, kwa sababu kwenye wodi zetu kinara ni bakteria Klebsiela na ndugu zake, ingawa nao siku hizi wanazidi kuwa sugu. Sasa Lejionela ni mjanja. Anaingia ndani ya zile seli za mapafu zinazotakiwa kumla, anazaliana humohumo. Ampisilini haimfikii huko, jenta nayo vivyo hivyo. Dawa yake ni azithromaisini au kundi la siprofloksasini, zinazopenya ndani ya seli. Kwa hiyo unaweza kuwa na mtoto anayepata dawa kwa saa, kwa dozi sahihi, na anazidi kuzama.

Na kile alichosema mleta uzi kuhusu sahani za kawaida ndicho kinachotufunga. Ukipeleka sampuli maabara bila kusema unamshuku nani, jibu litarudi "hakuna kilichoota". Anahitaji chakula maalumu chenye mkaa. Kipimo cha mkojo kipo, ila kinakamata hasa aina moja tu ya huyo mdudu. Hivyo swali la bei rahisi kuliko vyote ni la mdomo: mama, mtoto alizaliwa wapi, aliogeshwa wapi, kuna mashine gani ya maji karibu na kitanda chake?

Ugonjwa wenyewe huchelewa kujionesha, kwa kawaida siku 2 hadi 10. Maana yake mama ameshatoka, keki imekatwa, picha zimepostiwa.

Kinyozi wa Manzese

Dokta kwa hiyo mtoto akiwa nao anaweza kuwaambukiza wenzake wodini?

Dokta wa Zamu

Lejionela hapana, hauendi mtu kwa mtu. Wakiugua wawili watatu pamoja, usiwatazame wao, tazama wote wanashiriki maji gani. Sudomona ndiye anayesafiri kwa mikono na vifaa. Pennsylvania mwaka 2019, hospitali ya Geisinger, njiti 8 walimpata, watatu wakafariki. Chanzo kilikuwa vifaa vya kupimia maziwa ya mama waliyochangiwa, jinsi vilivyokuwa vinasafishwa. Wakahamia vya kutumia mara moja.

Mama Wawili

Jamani nimesoma mwili unanisisimka. Nina ile mashine ndogo ya ukungu, inatoa moshi wa baridi, ina taa inabadilika rangi. Niliinunua Kariakoo elfu 35 kwa sababu mwanangu, ana wiki tatu, pua zinaziba usiku. Naweka maji ya bomba na matone ya mkaratusi. Inakaa kwenye stuli kichwani mwa kitanda. Ni tatizo?

Mwana wa Pangani

Mama Wawili, mdogo wangu, izime sasa hivi kabla hujamaliza kunisoma.

Desemba 2008, Saiprasi, hospitali binafsi, chumba cha kulazia vichanga. Watoto wenye afya zao, waliotimiza miezi, si njiti. Waliwasha mashine ya ukungu wa baridi kama yako, imejazwa maji ya bomba. Katika vichanga 32 waliokuwa chumbani humo, 9 waliambukizwa Lejionela. Watatu wakafa.

Tofautisha na birika. Birika likichemka, kinachopaa ni mvuke, mdudu anabaki chini ameiva. Mashine yako haichemshi. Ina kisahani chini kinachotetemeka kasi mno kinayapasua maji kuwa vitone vidogo, na kila kilichomo majini kinapanda navyo: mdudu, chumvi, kutu, mkaratusi. Vitone vyenyewe vidogo kiasi kwamba haviishii puani, vinashuka hadi chini kabisa kwenye mapafu. Ukitaka kumpelekea mtoto uchafu wa tangi kwenye mapafu, sijui kama kuna njia fupi kuliko hiyo.

Mkaratusi nao wiki tatu hapana kabisa. Unaweza kumkaba pumzi.

Pua ikiziba: maji ya chumvi ya duka la dawa, tone moja kila tundu kabla ya kunyonya, subiri kidogo, mnyonyeshe. Pua za vichanga zinakoroma, ndivyo zilivyo, nyembamba.

Mama Wawili

Nimeizima. Nimeimwaga. Chini kuna ute kama wa bamia jamani, wa rangi ya waridi. Sikuwahi kuinusa. Mungu nisamehe.

Mwana wa Pangani

Hujamkosea mtu, ulitaka apumue vizuri. Anaendeleaje sasa? Anyonya? Kifua chake ukimvua nguo kinabonyea?

Mama Wawili

Ananyonya vizuri, amelala. Nimehesabu pumzi dakika nzima, 44. Kifua hakibonyei.

Mkunga Mstaafu

Hapo sawa mwanangu. 60 kwenda juu ndiyo ya kukimbilia nayo hospitali, na uhesabu dakika nzima akiwa ametulia, si nusu ukazidisha mara mbili, maana kichanga hupumua kwa mafungu, anaharakisha, anatua.

Nimefanya ukunga miaka 34, vijana. Niwaambie kinachowapoteza wazazi. Mnasubiri akohoe. Kichanga mwenye nimonia aghalabu hakohoi. Anaacha ziwa. Jana alivuta kwa nguvu, leo anashika chuchu anaiachia, anasinzia. Halafu anaguna, kila akitoa pumzi "enh, enh", kama mzee anayepanda ngazi. Pua zinapanuka. Anaweza kuwa wa moto, anaweza kuwa wa baridi mpaka miguu, na huyo wa baridi ndiye mnayemfunika blanketi mkasema amelala usingizi mzuri. Midomo ikiwa na rangi ya zambarau umeshachelewa, ila kimbia.

Na kuoga! Mbona mna haraka ya kumwogesha? Shirika la Afya Duniani wanasema ngojeni saa 24. Sisi tulikuwa tunawaogesha palepale, nakiri, tulifundishwa hivyo. Mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, umfute kwa kitambaa kikavu, basi. Maji yatamsubiri.

Fundi Vipimo

Shikamoo mama. Sista, nilikuwa nasoma kimyakimya lakini umenigusa. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, hospitali moja sitaitaja, hata mkoa sitautaja. Ngoja niseme ninachokutana nacho.

Mashine ya kuzalisha oksijeni ina chupa mbele, ya plastiki, mfuniko wa kuzungusha. Oksijeni inapita kwenye maji ya chupa ile, inatoa mapovu, ndipo inaingia kwenye mpira unaokwenda puani kwa mtoto. Lengo ni hewa isiwe kavu. Wiki iliyopita niliitwa: mashine inalalamika, presha haitoki. Nikafungua chupa. Kile kijibomba cha katikati chenye matundu kimeziba. Nikadhani ni chokaa ya maji. Nikakikwangua kwa kucha, kikatoka kitu laini, kijani kibichi, kinanyooka kama kamasi. Nikauliza chupa imebadilishwa maji lini. Mmoja akasema huwa tunaongeza yakipungua.

Tunaongeza. Yaani maji ya mwanzo, sijui ya mwezi gani, bado yamo mle.

Na wodi ina joto, tumeweka hita kwa ajili ya njiti. Hesabu wenyewe hizo nyuzi.

Mwana wa Pangani

Fundi, nimeacha kula. Una thermometa? Pima tu, nitafurahi kujua.

Kuongeza ndiko kunakoua. Chupa inamwagwa yote, kila siku, inaoshwa kwa maji na sabuni, inakauka, inajazwa maji yaliyotakaswa, au yaliyochemshwa yakapoa kama hayo hayapo. Mara moja kwa wiki inalowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa robo saa. Mgonjwa mmoja, chupa yake.

Halafu kuna siri moja iliyo wazi: kichanga wa oksijeni ya mtiririko mdogo, nusu lita hadi lita moja kwa dakika kwa vijibomba vya puani, hata hiyo chupa ya maji haihitaji. Pua yake yenyewe inatosha kulainisha hewa ile. Miongozo ya WHO inasema hivyo miaka nenda rudi. Tunaweka maji kwa mazoea, kwa sababu chupa imekuja na mashine na mapovu yanatuhakikishia kuwa oksijeni inatoka.

Fundi Vipimo

Hilo la mapovu umesema kweli tupu! Nikiitoa chupa manesi wananiambia mashine imekufa. Nawaonesha mpira kwenye glasi ya maji, unabubujika, ndipo wananiamini.

Na zile CPAP za mapovu, mashine za kumsukumia mtoto hewa puani ili apumue, je? Tunazo mbili.

Mwana wa Pangani

Pale kuna maji ya aina mbili, watu wanayachanganya. Kuna chupa ya mwisho, ambayo mpira wa kutolea hewa umezamishwa sentimita 5 au 6 ndani ya maji. Yale ni ya kutengeneza shinikizo, mtoto hayavuti, ila yabadilishwe maana yako mita moja kutoka usoni kwake. Halafu kuna chombo cha kupasha hewa joto na unyevu kabla haijaingia puani. Hayo ndiyo ya kuogopa. Hayo ni maji yaliyotakaswa tu, hakuna mjadala wa bomba, hakuna "leo tu". Na yale matone yanayojikusanya kwenye mpira, usiyarudishe kwenye chombo wala usiyaelekeze kwa mtoto. Chomoa, mwaga nje.

Binti Kisauni

Hujambo dada, mimi niko Mombasa. Huku kwetu tuna tangi juu ya paa, saa nane mchana maji yanatoka yakiwa moto wenyewe, hakuna hita. Namuogesha mtoto kwayo. Ana siku kumi na mbili. Nimeingia baridi.

Mwana wa Pangani

Sijambo mpenzi, hongera kwa mtoto. Kuogeshwa kwa beseni na kiganja si hatari ile tunayoisema hapa. Hatari ni maji kugeuzwa ukungu, mapovu au vitone na kuingia kwenye pumzi, au mtoto kuzama nayo. Kwa siku kumi na mbili chemsha, acha yapoe yawe ya vuguvugu, mwogeshe upesi, usimmwagie usoni. Usimweke chini ya bomba la mvua la bafuni, lile ndilo linalorusha vitone. Na tangi likaoshwe, lifunikwe, mara ya mwisho lilioshwa lini?

Binti Kisauni

Tulihamia hii nyumba 2021.

Kinyozi wa Manzese

😂😂 Mimi langu sijui hata mfuniko uko wapi.

Chalii wa Kijenge

Nimesoma kuanzia juu hadi chini. Naomba nifute ile komenti yangu ya mwanzo ila haifutiki. Mke wangu yuko miezi saba. Ile mashine ya ukungu tulipewa zawadi kwenye kitchen party, iko kwenye boksi. Itabaki kwenye boksi.

Fundi Vipimo

Mrejesho wa leo asubuhi. Nimepima maji ya chupa iliyokuwa kwenye mashine ya karibu na hita: nyuzi 33. Nimekusanya chupa zote za wodi ile, saba. Tano zilikuwa na utelezi ukipitisha kidole kwa ndani. Nimeongea na sista mkuu, hakukasirika, alinyamaza kidogo tu. Wamezitoa kwa watoto wote wa mtiririko mdogo. Zilizobaki kila moja imebandikwa plasta, tarehe na saa ya kubadilisha maji imeandikwa kwa kalamu. Bosi ameuliza maji yaliyotakaswa ya kila siku yatatoka fungu gani. Hapo ndipo tulipo.

Mkunga Mstaafu

Chemsheni. Jiko lipo, sufuria lipo. Fungu litakuja.

Mama Wawili

Mleta uzi, mdogo wako wa Arizona vipi?

Mwana wa Pangani

Kamwaga. Jana kanitumia picha, beseni limelazwa ubavu uani, pampu imefunguliwa, limeanikwa kwenye lile jua lao la kukausha samaki. Aliyemkodishia amebadilisha, amempa la kawaida lisilo na pampu wala hita, na mkunga wake naye akasema hilo ndilo angemshauri kama angeulizwa. Litajazwa siku hiyohiyo, atalowekea uchungu, akifika kusukuma anatoka. Walikubaliana wao wenyewe, mimi sikusema neno.

Chini ya picha ameandika: "Haya, furahi. Bili ya maji nakutumia wewe." Sijajibu bado.